Vitambaa vya Mpimaji wa Moyo

Aliujua moyo wa mama yangu kabla ya daktari na kabla yangu mimi, na hakuniambia neno. Kazi yake ilikuwa kupima moyo kwa ile mashine wanayoiita eko, inayotuma sauti kifuani na kurudisha picha. Alikuwa mpimaji, hakuwa daktari, na mpaka huo aliulinda kuliko watu wanavyolinda mipaka ya viwanja. Ukimuuliza ameona nini, alijibu, "Daktari atasema." Ukilia, daktari atasema. Kuna mzee alimletea jogoo hai, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, ili amdokezee habari za mkewe. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama ilivyo adabu ya hapa Kampala, akashukuru, akasema daktari atasema.

Nimemjua miaka mingi, na bado siwezi kusema kama nilimpenda. Tangu mama afariki sijui vizuri ninachopenda na nisichopenda. Nakula, nalala, nafungua kibanda changu cha sokoni, nafunga. Mama alikuwa na moyo uliopanuka, nyama yake imelegea, na daktari alitueleza kwamba maradhi ya namna ile wakati mwingine hushuka kwa watoto. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Niliambiwa nipimwe na mimi, nikasema kesho, na kesho nayo ikasema kesho. Kwa hiyo ninapomweleza mwanamke huyu, namweleza mtu ambaye kwa muda mrefu niliikimbia mikono yake.

Kilichotukutanisha kwanza ni Kiswahili. Mimi nililelewa kambi ya polisi, na baba yangu, askari kutoka kaskazini, alitulea kwa Kiswahili cha gwaride. Kwetu kilikuwa lugha ya kupikia, ya kugombana na ya kuombea dua za aina zote, maana kambini Mkristo na Mwislamu waligawana ukuta mmoja. Mpimaji yeye alikuwa wa zile familia za Waislamu wa zamani wa Kawempe, watu wa maduka na madrasa, na Kiswahili chao kimenyooka na kina adabu. Alipomsikia mama kwa mara ya kwanza akisema, "Musawo, mimi nasikia moyo nakimbia sana, lakini mimi nakaa tu," alicheka mpaka akashika meza. Musawo ndivyo wanavyoitwa mjini humu wote wenye koti jeupe, awe daktari au mchoma sindano. Tangu siku ile alizungumza na mama Kiswahili cha kambini, bila kumkosoa hata herufi.

Lakini kuna jambo lilinishangaza. Wagonjwa wake wengi walikuwa Waganda, na salamu na mazungumzo yote aliyafanya kwa Kiganda, ila ikifika saa ya kupima aligeukia Kiswahili: "Geuka kushoto. Vuta pumzi. Shika! Achia." Nilimuuliza kwa nini.

"Kiganda kina adabu mno," alisema. "Nikimwambia mtu ashike pumzi kwa Kiganda, ananishukuru kwanza, halafu anaulizia watu wa nyumbani, na picha inanipotea. Kwa Kiswahili watu wanatii."

Alisema kweli. Katika Kampala wengi wamekijua Kiswahili kutoka upande wa bunduki. Wakubwa wanakumbuka vizuizi vya barabarani na sauti za askari zilizokuwa zikitoka gizani. Na ukweli huo ulimrudia mwenyewe. Siku moja aliingia mzee mmoja wa Kawempe, kanzu safi, fimbo mkononi. Musawo alikuwa ameinamia mashine, hakugeuka, akasema tu, "Lala!" Alipogeuka, kitanda kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amelala sakafuni kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele, fimbo ameisukuma mbali asije akadhaniwa ana silaha.

Wauguzi waliosimulia habari hiyo walikuwa wakiicheka. Yeye hakucheka. Walisema aliketi chini sakafuni na koti lake jeupe, karibu na kichwa cha mzee, akamsalimia upya kwa Kiganda, salamu yote, ng'ombe na migomba na wajukuu, mpaka mzee akainuka mwenyewe. Baada ya hapo amri zake zilipata mkia wa Kiganda, wa bwana na polepole. Akawa anasema, "Lala kitandani, ssebo, ubavu wa kushoto, mpola mpola." Kiswahili hakukiacha, alikifunga kilemba tu.

Chumba chake kilikuwa na giza, pazia zito, na ukutani saa ambayo haikuwa ikitembea. Alimwambia kila mgonjwa aitazame saa, maana skrini aliigeuzia upande wake. Nilipomwambia betri imekufa alinijibu kwamba anajua, na kwamba mtu akitazama saa inayokwenda anaanza kujihesabia. Basi watu walilala pale ubavu wa kushoto, kifua wazi kimepakwa jeli, wakiitazama saa iliyogoma, na mashine ikitoa sauti ya chwa, chwa, kama mtu anayefua blanketi nyuma ya nyumba. Nilimsindikiza mama mara nyingi mle ndani kwa sababu hakutaka kubaki peke yake na sauti hiyo. Alisema ni kama moyo unasengenywa.

Watu walimpa uwezo asiokuwa nao. Mke wa dereva mmoja alichungulia mlangoni, mumewe akiwa kitandani, akauliza kwa sauti ndogo, "Musawo, sasa humo ndani unaona nani?"

"Naona damu, nnyabo," alimjibu kwa heshima, yaani bibi.

"Damu tu? Tazama vizuri. Kuna mmoja wa Kansanga, mwenye baa."

Dereva akatoka jasho, na musawo akalazimika kungoja moyo wake utulie ndipo apime tena. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Yeye aliingia msituni humo kila asubuhi, akatoka saa ya chai, na hakuleta hata jani.

Nje ya chumba kile mdomo wake haukuwa na kufuli. Hapo ndipo nilipokuwa nachanganyikiwa naye. Mimi nauza mivumba, nguo za mitumba za watoto, katika soko la Nakawa, naye akawa mteja wangu. Akifika kibandani, habari za mtaa mzima zilifika naye: nani ameachwa, imamu gani ana sauti mbaya lakini hataki kumpisha kijana, binti gani amerudi kutoka Uarabuni na masanduku matupu. Nilikaa nikamsikiliza nikijiuliza inakuwaje mtu anayemwaga siri za jirani zake kama maji ya kunawa asimwage hata tone la siri za kitanda chake cha kupimia.

Mafundi wengine hakuwaamini hata kidogo. Sisi sote tulivua nguo mbele yake na kumkabidhi mioyo yetu, lakini yeye fundi wa simu alimsimamia kichwani. Kulikuwa na kijana Mganda karibu na kibanda changu aliyetengeneza simu. "Mama, reta simu, rudi jioni," kijana alimwambia.

"Sirudi jioni. Fungua hapa, naona."

"Mama, hii kazi nataka nafasi."

"Na mimi nataka simu yangu na matumbo yake yote. Fungua."

Ilikuwa hivyo kwa fundi cherehani, kwa fundi bomba, hata kwa mchinjaji. Nilimtania siku moja kwamba kama sisi tungefanya kama yeye, angepima moyo na ukoo mzima umemzunguka. Alisema yeye anajua jinsi mtu anavyoweza kuchoka kazini, akatazama kitu asikione. Kisha akarudi kwenye habari za imamu.

Alihubiri dhidi ya chumvi kama mhubiri wa kituo cha teksi. Mama aliacha chumvi kwa ajili yake, akaacha samaki wa kukausha, akabaki na simsimu, ule ufuta wa kusaga, isiyo na ladha. Na mhubiri mwenyewe nilimkuta zaidi ya mara moja nyuma ya soko, anatafuna nyama ya mbuzi ya kuchoma na chumvi ameimwaga pembeni ya sahani kama kilima. Aliponiona hakuificha. "Kale, basi, umeniona," alisema. "Usimwambie mama yako." Sikumwambia.

Sasa vitambaa. Kibandani kwangu, zaidi ya nguo, alinunua matambara laini: blanketi za flana za watoto wachanga, fulana za pamba zilizochakaa. Aliyachagua kwa kuyapitisha kwenye shavu. Aliniambia ni ya kazini, nami sikuuliza zaidi. Baadaye niliona kazi yake. Hospitali iliwapa wagonjwa karatasi ya chooni wajifute jeli wenyewe. Karatasi ile ikilowa inakatika, inabaki vipande vipande kifuani na shingoni. Lakini musawo alikuwa na beseni dogo, na maji ya moto kwenye chupa ya chai, na sabuni ya kipande, na vile vitambaa vyangu amevikata sawasawa. Baadhi ya watu hakuwapa karatasi. Alichovya kitambaa, akakamua, akawapangusa mwenyewe, kifua, ubavu, chini ya titi, mpaka shingoni, bila kusema kitu.

Nilikaa kwenye benchi la korido miaka ya kutosha kuona. Waliotoka na vipande vya karatasi vimeganda shingoni niliwaona tena mwaka uliofuata, wamenenepa au wamekonda, wanalalamikia foleni. Waliotoka safi, wananukia sabuni kidogo, wengi wao sikuwaona tena. Sikumwambia mtu. Nilianza tu kuwatazama watu shingo kabla ya kuwatazama uso.

Mama miaka yote alitoka na karatasi. Nilimbandua vipande hivyo kwenye teksi, na yeye akinung'unika kwamba hospitali ya serikali hata kitambaa hamna. Halafu ikaja siku ambayo sikuingia naye, kwa kuwa watu walikuwa wengi na wasindikizaji walizuiwa mlangoni, nikangoja nje. Alitoka akitabasamu. Shingo yake ilikuwa safi.

"Leo musawo napangusa mimi," aliniambia. "Na maji ya moto. Kama mtoto kidogo."

Nilisema vizuri, Mama. Tulipita sokoni, akataka papai, nikamnunulia. Aliwasimulia majirani wote wa kambini jinsi alivyopanguswa, na kila aliposimulia alijipitisha kiganja kifuani kuonyesha. Nilimsikiliza na sikuhisi chochote, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Daktari alikuja kusema yake wiki iliyofuata, kwa maneno mengi na ya upole, na nilitikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma. Mama alikufa mvua zikiwa bado hazijakatika. Sikulia kwenye mazishi. Shangazi zangu kutoka kaskazini walinitazama vibaya, na walikuwa na haki yao.

Musawo alikuja kibandani baada ya hapo. Alinipa pole, akakaa kwenye kigoda, akamwombea mama dua fupi kwa Kiarabu. Halafu mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kwenye rundo la flana, akainua moja hadi shavuni. Nikasema, "Ulimpangusa."

"Nani?"

"Mama. Unaowapangusa hawarudi, Musawo. Mimi nimekaa korido ile, nimeona. Mdomo wako unasema daktari atasema, na mkono wako umeshasema."

Sikusema kwa hasira. Ningependa kama ningekuwa na hasira. Nilisema kama ninavyomwambia mteja kwamba zipu imeharibika. Yeye alitazama mkono wake, ule ulioshika flana, akaugeuza juu na chini.

"Wallahi sikujua," alisema. "Nilikuwa nawahurumia tu." Akairudisha flana mahali pake, akaikunja vizuri kuliko alivyoikuta, akaondoka.

Kwa muda hakuonekana. Aliporudi, alinunua flana zote nilizokuwa nazo. Baada ya siku chache akarudi tena, akachukua na fulana. Ikawa nikifungua furushi jipya namwekea pembeni kabla sijaning'iniza nguo za kuuza. Alizibeba mikononi mwake na kumwita mtu wa pikipiki. Habari za mtaa zilipungua mdomoni mwake, na mimi sikumuuliza kitu. Niliwaza tu kwamba mioyo mibovu imekuwa mingi mwaka huu. Niliwaza hivyo nikihesabu flana, na nikaendelea kuzihesabu. Na wakati huohuo kifua changu kilikuwa kimeanza kunibana nikipanda ngazi za soko, nikajiambia ni ngazi.

Siku aliyoniona nimesimama katikati ya ngazi hizo, nimeshika ukuta, hakunipa pole. Alisubiri nifike juu.

"Mwana wa polisi," alisema, "mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nitakuja kesho."

"Kesho yako naijua. Mimi natoka kazini mwezi ujao, nimefika umri. Atakayekuja baada yangu ni kijana mzuri, lakini hakumjua mama yako. Ukitaka mkono unaoujua, njoo."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda siku hiyo na si zile nyingine zote. Labda kwa sababu wazo la kulala mbele ya mkono nisioujua lilinitisha kidogo, na ilikuwa muda mrefu sijatishwa na kitu.

Chumba kilikuwa kilekile. Nililala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, nikaitazama ile saa. Alipaka jeli, ilikuwa baridi, akakanda kifua changu kwa kichwa cha mashine, akasukuma katikati ya mbavu mpaka nikauma meno. "Vuta pumzi, binti. Shika. Achia." Sauti ikaanza, chwa, chwa. Huyo sasa ni mimi ninayesengenywa. Alikwenda taratibu mno. Alirudia sehemu moja, akapima, akarudia tena, na uso wake ukiwa na mwanga wa skrini haukuniambia lolote. Pembeni, kwenye beseni, niliona kitambaa cha flana chenye michoro ya mabata wadogo wa njano. Nilikiuza mwenyewe.

Akaizima sauti. Akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa, akachovya kitambaa cha mabata, akakikamua. Akaanza kunipangusa.

Basi, nikawaza. Nikawaza nani atachukua kibanda, na lile furushi ambalo sijalifungua, na picha ya baba akiwa na sare. Kitambaa kilipita kifuani, kikapita ubavuni, kikafika shingoni. Kilikuwa na joto zuri. Sikuwa na hofu, na kutokuwa na hofu ndiko kulikonisikitisha.

Mkono ukasimama. "Mbona umekuwa hivyo?" aliuliza.

"Umenipangusa."

Alinitazama, akaelewa, akashika kichwa kwa mkono wenye kitambaa, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Bannange, jamani! Wewe si ndiye uliyeniambia? Tangu siku ile nawapangusa wote. Mzima, mgonjwa, tajiri, mlevi. Karatasi ile sijaigusa tena. Unadhani vitambaa vyako vyote nilikuwa navipeleka wapi?"

"Nilidhani watu wanakufa."

"Wanakufa," alisema. "Lakini mimi siwatangazii tena kwa mkono."

Nje muuguzi alikuwa akiita jina la mtu, mara ya pili, mara ya tatu.

"Basi mimi nitajuaje?" nikauliza.

Akafungua mdomo, nami nikajua kinachokuja, nikakingoja. Hakikuja. Alishika skrini, ile aliyomgeuzia kila mtu kisogo miaka yote hiyo, akaizungusha mpaka ikanitazama. Palikuwa na kitu cha kijivu, kidogo, kinafumba na kufumbua kama ngumi ya mtoto.

"Wa mama yako nilikuwa naupima hauenei kwenye picha," alisema. "Ulikuwa mkubwa, umechoka. Huu si wake. Huu ni wako. Ngazi zinakubana kwa sababu huli, na kwa sababu hujamlilia." Kisha, kwa mazoea, akaongeza, "Na daktari atasema."

Niliutazama moyo wangu. Nilipaswa kufurahi, na furaha ilikuja, lakini haikuja ya kwanza. Kilichotangulia ni uchungu, mkali, wa pale pale chini ya jeli: kwamba nimetafutwa ndani kwa mashine na mama hakuonekana humo. Hata ugonjwa wake hakuniachia. Nikaanza kulia, kwa sauti, nimelala ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa, na mlangoni muuguzi akaacha kuita.

Musawo hakuniambia ninyamaze. Alichovya kitambaa tena kwenye maji ya moto, akakikamua, akanipangusa kifua ambacho kilikuwa kimeshakuwa safi.